Njia Isiyohitaji Ushujaa

Kwa miaka kumi na mmoja, katika mtaa wa Mteremkoni, mtu aliyethubutu kushuka juu ya baiskeli alikuwa mmoja tu, naye ni Tobia. Wengine wote walikwenda kwa miguu. Mtaa wenyewe ulikuwa upande wa juu wa mji wa Lushoto, nyumba thelathini na kitu zimeng'ang'ania mlima huku na huku, na barabara ya udongo mwekundu ikiporomoka katikati yake kutoka kanisani hadi sokoni. Njia halali ya malori ilikuwa ile ya bondeni, inayofuata mto. Lakini madereva wa kiwanda kimoja cha mbao, waliokuwa wakiteremsha magogo kutoka Shume, waligundua kwamba wakikatisha Mteremkoni wanaokoa robo saa, na toka hapo mtaa haukuwa na raha. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Mama aliyejitwika tenga la kabichi akisikia mngurumo nyuma yake ilimbidi ajibanze kwenye mimea ya masale ya ua wa watu, asubiri lipite, ndipo aendelee na safari yake.

Tobia hakujibanza popote. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na baiskeli yake nyeusi aliipata kabla ya Uhuru kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kila asubuhi alivaa kaki yake iliyopigwa pasi, akatundika begani mkoba wa ngozi, akajiachia. Alijua kila shimo na kila jiwe. Alijua mahali pa kubana breki na mahali pa kuziachia, na lori likija alipenya kati ya magurudumu na ukingo wa mtaro, kwenye upenyo ambao hata mbuzi angesita kuupita. Watu walisimama kumtazama. Wanawake waliziba midomo kwa ncha za khanga. Vijana walimwamkia shikamoo, hata wale aliowazidi miaka mitano tu, na kwenye arusi aliwekewa kiti mbele, pamoja na walimu na wainjilisti. Jumamosi aliipindua baiskeli uani, akaitia mafuta, akaifuta spoki moja moja, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa, si wa mkewe Yunis, si wa binti yao Klara.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Hassani. Walizaliwa mwaka mmoja, wakakalia benchi moja darasani. Hassani alikuwa mkulima wa bustani, mtu wa sauti ya chini, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia tangu utoto, kwa hiyo alipanda mlima ule akiyumba kama mtu anayebeba ndoo upande mmoja. Tobia alimpenda. Alimpenda kwa namna mtu anavyompenda jirani ambaye hajapata kumshinda kwa lolote.

Mambo yalianza masika ya mwaka 1969. Bibi Paskalina, mjane wa makamo aliyekuwa akitoka sokoni, alikutana na lori kwenye kona, lori likateleza kwenye tope, yeye akarukia mtaroni na kuvunjika nyonga. Hassani ndiye aliyemfungia machela ya miti, na ndiye aliyefuatana naye mpaka hospitali ya Bumbuli, alikolala miezi miwili. Aliporudi alitembea kwa fimbo, na sokoni hakufika tena.

Mabalozi wa nyumba kumi wa mtaa ule wakaitisha mkutano uani kwa mzee Nathanaeli, aliyekuwa mkubwa wao. Tobia alikwenda na kaki yake, ingawa ilikuwa Jumapili mchana. Neno la barabara likija, alijua, ataulizwa yeye, maana nani mwingine aliijua barabara ile? Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake: watu wajifunze kutega sikio, wajifunze wepesi.

Hassani akasimama kabla yake. Alisema polepole, macho yake yakiwa chini, na watu wakawa wanavuta viti karibu ili wamsikie. Alitaka mambo mawili. La kwanza, iandikwe barua ya kuomba malori yarudishwe njia yake ya bondeni. La pili, mtaa wenyewe uchimbe njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, upande wa juu wa barabara, yenye upana wa hatua mbili, itengwe kwa mawe, na baina ya mawe na njia ipandwe miti, ili lori lisipate pa kupandia na waendao wapate kivuli. Kazi ifanywe kwa msaragambo, nyumba zote kwa pamoja, kama wazee walivyochimba mifereji ya maji. Miche anayo yeye. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amekwisha kuotesha mijakaranda na mizambarau kwenye makopo.

Mtu mmoja akauliza kwa mzaha kwamba hizo baiskeli ni za nani, maana mtaani anaiona moja.

"Ndiyo hiyo moja iliyonifikirisha," Hassani alisema. "Tobia Mungu amemjalia ushujaa, anapita popote. Sisi wengine hatukujaliwa. Sisi tunataka njia isiyohitaji ushujaa."

Makofi yakapigwa. Tobia naye alipiga, kwa kuwa nyuso zilikuwa zimemgeukia zikitabasamu. Lakini moyoni kitu kilimuuma kama siafu aliyeingia ndani ya soksi. Alikuwa amesifiwa mbele ya mtaa mzima, na kwa sifa ile ile amenyang'anywa kila alichokuwa nacho. Maneno aliyoyapanga hakuyasema. Aliondoka mapema, akasingizia kichwa.

Msaragambo ukaanza Juni, siku mbili kwa juma. Watu walitoka na majembe, sululu na karai. Walioweza kuponda mawe waliponda, wasioweza walipika viazi na chai. Bibi Paskalina mwenyewe alitolewa kiti nje, akawa anachambua kokoto mapajani mwake. Tobia hakwenda. Juma la kwanza alisema ofisini kuna kazi nyingi, juma la pili akasema vivyo hivyo, na kuanzia la tatu hakuna aliyemwuliza tena, jambo ambalo lilimuudhi kuliko kuulizwa.

Lililomkera zaidi lilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Yunis hakukosa hata siku moja. Alirudi jioni na matope mpaka magotini, uso umechangamka, na wakati wa chakula alisimulia. Hassani kasema udongo wa juu usitupwe, utatumika kwenye mashimo ya miti. Hassani kaonyesha namna ya kulaza mawe ili maji ya mvua yasiyang'oe. Hassani kawachekesha wakasahau njaa. Tobia alimega ugali wake akihesabu. Jioni moja alihesabu jina la Hassani mara kumi na nne, na lake halikutajwa isipokuwa alipoulizwa kama anataka mchuzi zaidi.

Asubuhi moja ya msaragambo aliamua kuwakumbusha. Alishuka kwa kasi ambayo hakuwahi kuijaribu, mikono ameitoa kwenye usukani, mkoba unapeperuka nyuma yake, akapita hatua tatu tu kutoka walipokuwa wameinama. Alitega sikio asikie zile sauti alizozizoea. Akasikia sululu. Alipogeuka kutazama, wote walikuwa wamekizunguka kisiki kimoja, wanabishana na Hassani kama kikatwe au kizungukwe, na mgongo wa Yunis ulikuwa mmoja wa migongo ile.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwake kabisa, ukala naye na kulala naye. Alianza kuona mambo yasiyokuwako na kuyakuza yaliyokuwako. Aliona kwamba mguu mfupi wa Hassani ni ujanja wa kutafuta huruma. Aliona kwamba miche ile kwenye makopo ilioteshwa zamani, kwa hesabu, kabla hata Bibi Paskalina hajavunjika. Kisha mwenyewe aliona aibu kwa kuwaza hivyo, na aibu ile nayo akaihesabu kuwa ni kosa la Hassani.

Njia ilipofika nusu, mwezi wa Septemba, mzee Nathanaeli akaona sasa barua iandikwe. Hakutaka iandikwe mwanzoni. Alisema mtu asiende kuomba serikali mikono mitupu. Aonyeshe kwanza alichokifanya mwenyewe, hiyo ndiyo maana ya kujitegemea. Barua ikaandikwa, ikatiwa sahihi na mabalozi wote, na kwa kuwa ofisa aliyehusika na barabara alikuwa akikaa jengo lile lile alilofanyia kazi Tobia, Nathanaeli akamkabidhi yeye.

"Mwanangu Tobia," alimwambia, "hii umpe mkononi. Kwako ni hatua ishirini."

Tobia aliitia barua kwenye mkoba kwa nia njema. Siku ya kwanza ofisa alikuwa safarini. Siku ya pili alikuwapo, mlango wake uko wazi, na Tobia akapita mbele ya mlango ule mara nne na barua ikiwa begani. Alijiambia ataipeleka mchana. Mchana akajiambia kesho. Aliwaza jinsi ofisa atakavyosoma, jinsi atakavyokuja kuitazama njia, jinsi atakavyompa Hassani mkono mbele ya watu na pengine kumpiga picha. Siku ya tatu aliisukuma ile barua kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, ule aliotilia karatasi za zamani. Baada ya juma moja ikawa vigumu kuipeleka, kwa sababu ataulizwa ilikuwa wapi. Baada ya majuma mawili ikawa haiwezekani. Hakuna siku aliyokata shauri kuificha. Ilijificha yenyewe kidogo kidogo, na yeye akaiacha.

Nathanaeli alipomwuliza, alijibu kwamba wanaishughulikia.

Mvua za vuli zikaanza, miti ikapandwa. Mijakaranda na mizambarau arobaini ilijipanga upande wa juu wa barabara, kila mmoja umezungushiwa vijiti dhidi ya mbuzi, na nyuma yake ile njia, laini kama sakafu iliyopigwa dongo. Hapo ndipo watoto walipoanza kwenda shule bila kushikwa mikono. Wazee waliokuwa hawajaonana tangu masika wakaanza kutembeleana. Bibi Paskalina akatembea na fimbo yake mpaka nyumba ya kumi na mbili na kurudi, akatangaza kwamba keshokutwa atafika ya ishirini.

Na Hassani akapata baiskeli. Kaka yake aliyekuwa Korogwe alimletea moja kuukuu, nyekundu iliyopauka, na Hassani akaifungia kigogo cha mti kwenye pedali ya kushoto ili mguu wake ufike. Tobia alisikia habari hizo akacheka peke yake njiani. Mtu mwenye miaka arobaini na sita, mguu mmoja mfupi, hajapata kupanda hata punda. Ataanguka siku mbili, ya tatu atamrudishia kaka yake.

Siku ya tatu Tobia alirudi nyumbani mchana kuchukua karatasi alizozisahau. Alipokata kona alimwona Hassani juu ya ile njia, amekaa wima, anatetemeka, anakwenda. Nyuma yake mwanamke alikuwa anakimbia ameshika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili, khanga ameifunga kibwebwe, anacheka kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa mtaa. Tobia alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuitambua mara moja. Alikuwa Yunis. Akakiachia kiti, na Hassani akaendelea peke yake hatua thelathini, arobaini, mpaka kwenye kona ya mteremko, na watu waliokuwa milangoni mwao wakapiga vigelegele.

Hakuna aliyepata kumpigia Tobia vigelegele. Walimwogopa, walimstaajabia, waliziba midomo, vigelegele hawakumpigia.

Jioni aligomba. Alimwambia Yunis kwamba mtaa mzima umemwona akikimbia nyuma ya mume wa mtu, kwamba mwanamke wa nyumba ya heshima hashiki baiskeli ya mwanamume asiye wake, kwamba kuanzia kesho msaragambo basi. Yunis alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anapembua maharage. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Baba Klara, miaka kumi na mmoja nafua vitambaa vya kuifutia baiskeli yako. Hujaniuliza hata siku moja kama ningependa kuikalia. Hassani aliniuliza juzi, kabla yeye mwenyewe hajajua kuiendesha."

Tobia aliinuka. Alitoka nje, akasimama karibu na baiskeli yake iliyoegemea ukuta, akaitazama kama mtu aliyesalitiwa nayo.

Juma lililofuata, Jumatano asubuhi, alitoka kwenda kazini kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, barabara inang'aa. Mbele yake, juu ya njia mpya, Hassani alikuwa anashuka na baiskeli yake nyekundu, nyuma kwenye keria amefunga tenga la karoti. Alikwenda taratibu, akimwamkia huyu na yule. Chini, kwenye nyumba ya Nathanaeli, wanawake sita au saba walikuwa wakipalilia miche, na Yunis alikuwa miongoni mwao.

Nafasi ya kupita njia mpya Tobia alikuwa nayo, kama mtu mwingine yeyote. Hakuipita hata siku moja tangu imalizike. Alishuka katikati ya barabara, akaongeza mwendo. Alitaka kumpita Hassani pale pale, mbele ya wanawake wale, ampite kwa kasi hata upepo wake umtikise. Hassani hakujua kwamba yumo mashindanoni.

Nyuma, kule kanisani, lori likaingia mtaani.

Tobia alilisikia. Masikio yake yalikuwa yamezoea kupima umbali wa lori, na yalimwambia apishe sasa. Honi ikapigwa mara ya kwanza. Alikuwa bado hajamfikia Hassani, zimebaki kama hatua kumi, na wanawake walikuwa wameinua vichwa, wanatazama. Hatimaye walikuwa wanatazama. Akasema moyoni bado kidogo. Honi ikapigwa tena, ndefu, na haikukatika.

Alipojitupa pembeni, alijitupa upande wa bondeni, akapenya kati ya gurudumu na mtaro kama alivyopenya mara mia. Lakini dereva, aliyekwisha kukata tamaa kwamba mtu huyu atapisha, alikuwa amekata usukani kwenda upande wa juu. Lori lilipanda mawe, likaifyeka miche mmoja baada ya mwingine, likaingia njiani, likasimama limeinama kwenye ukingo wa mlima. Hassani alirushwa. Baiskeli nyekundu ilibaki chini ya gurudumu la mbele, na karoti zilitapakaa mpaka barabarani.

Hakufa. Alivunjika mkono wa kulia mahali pawili na kuchubuka uso. Wanawake wale walikuwa hatua ishirini tu chini ya pale, hawakuguswa. Miche iliyofyekwa ilikuwa ishirini na mitatu.

Watu wakajaa. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake, na kila mtu alimlaumu yeye na malori yote. Kisha likatokea jambo ambalo Tobia hakulitegemea. Wakamgeukia. Wakampapasa mabega kuona kama ni mzima. Mwanamume mmoja akasema huyu si mtu, ni paka. Lori limemjia mgongoni na bado kapenya. Mwingine akamsimulia aliyechelewa kufika jinsi Tobia alivyolikwepa gurudumu, na mikono yake ikaonyesha. Zile nyuso alizozitamani tangu Juni zilikuwa zimerudi, zote zinamwangalia yeye. Hassani wakati huo alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kichwa chake kiko mapajani kwa Yunis, anauliza kama kuna mtoto aliyeumia.

Tobia aliketi pale pale barabarani, na watu wakadhani ni mshtuko.

Siku mbili hakula chakula cha maana. Siku ya tatu, Hassani alipokwisha kurudishwa kutoka hospitali, Tobia aliingia uani kwake na mkoba begani. Alimkuta amekaa juu ya kigoda, mkono umefungwa plasta umening'inizwa shingoni, anaangalia makopo matupu yaliyokuwa na miche. Walisalimiana. Hassani akamwonyesha pa kukaa, hakukaa. Alifungua mfuko wa ndani wa mkoba, akatoa barua iliyokunjamana pembeni, akaieleza ilivyokuwa, tangu siku ya kwanza ofisa alipokuwa safarini. Akaeleza pia kuhusu barabara, kwamba honi aliisikia tangu ya kwanza, na kwa nini hakupisha. Hakuomba msamaha, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Hassani aliyatazama tena yale makopo. Kuku walipita miguuni mwao.

"Bado haijafunguliwa?" aliuliza mwishowe, akiitazama bahasha.

"Haijafunguliwa."

"Basi ipeleke sasa hivi. Na ukirudi, Tobia, usipite hapa. Sitaki kukuona mpaka mkono huu ufunguliwe."

Tobia aliipeleka. Alimweleza ofisa kwamba barua ilichelewa mikononi mwake, si mikononi mwa mwingine. Ofisa alimkemea, kisha akaisoma, akauliza maswali mawili, akapiga simu moja. Chai iliyokuwa mezani kwake ilikuwa bado inatoa mvuke alipomaliza. Siku ya tano yake, magogo mawili makubwa yalilazwa juu ya mtaa, karibu na kanisa, na ubao ukapigiliwa kwamba malori yapite njia ya bondeni. Hayakurudi tena. Tobia aliupita ubao ule kila asubuhi, na kila asubuhi alikumbuka kwamba jambo lenyewe lilikuwa la muda wa kikombe cha chai.

Kwa mabalozi alijipeleka mwenyewe pia. Mzee Nathanaeli hakumtukana. Alisema tu kwamba mtaa ulimpa barua yake kwa sababu hakukuwa na mtu uliyemwamini zaidi, kisha akatoa hukumu ya mabalozi: kila jiwe lililong'olewa atalirudisha yeye kwa mikono yake, na kila mti uliovunjwa ataupanda yeye. Hivyo Tobia akafanya msaragambo wa mtu mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, mbele ya milango ya watu wote. Walimpa salamu, maana ni watu wa heshima, lakini salamu zilikuwa fupi. Kwenye arusi ya Januari hakuwekewa kiti cha mbele, akakaa na wengine, akagundua kwamba kutoka kule nyuma maharusi hawaonekani vizuri.

Yunis naye alikaa siku nne bila kumsemesha zaidi ya yale ya lazima. Jumamosi ya kwanza, wakati Tobia anafunga sululu begani, alimwona anaitoa baiskeli nyeusi pale ukutani. Hakuomba ruhusa. Klara alishika kiti, na mama yake akapanda. Tobia akaenda zake kwenye mawe. Kutoka pale alipoinama aliwasikia wakianguka na kucheka, wakianguka na kucheka, asubuhi nzima. Mwezi wa pili Yunis alikuwa anashuka nayo sokoni peke yake. Alipompita alipiga kengele kidogo ya kumsalimu, na Tobia aliona kwamba anabana breki mahali ambapo yeye asingebana, kwamba anakaa vizuri kuliko alivyokaa yeye alipokuwa anajifunza. Jambo hilo likamchoma. Alikuwa amedhani kwamba baada ya yote yaliyotokea wivu ungekuwa umekufa. Ulikuwa hai, umezeeka tu kidogo, umejifunza kunyamaza.

Mkono wa Hassani ulifunguliwa mwishoni mwa Februari. Tobia aliambiwa na watu, akangojea. Jumamosi iliyofuata alikuwa amemaliza mawe yote na yuko kwenye miche, ishirini na mitatu iliyotoka katika bustani ya miti ya serikali, aliyoibeba mwenyewe mabegani kwa safari mbili. Aliona kivuli kinachoyumba kinakuja njiani, hakuinua kichwa mpaka kiliposimama.

Hassani alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa mwembamba kuliko wa kushoto, na alikuwa akivikunja na kuvikunjua vidole kama anayejaribu glavu mpya. Alitembea polepole kutoka mche wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi. Hakusema chochote kuhusu mawe, ingawa yalikuwa yamelazwa vizuri kuliko ya mwanzo, na Tobia alijua kwamba yamelazwa vizuri kuliko ya mwanzo. Alisimama mbele ya mche wa tatu.

"Huu umeupanda juu juu, mghoshi," alisema, akimwita bwana kwa Kisambaa. "Jua la Machi litaifikia mizizi."

Tobia aliutazama. Kati ya miche ishirini na mitatu jicho la mtu huyu lilikuwa limeenda moja kwa moja kwenye ule uliokosewa, naye hakuwa ameuona. Yule siafu akamuuma, mahali pale pale. Alipiga magoti, akatia mikono udongoni, akaung'oa mche na donge lake la udongo bila kulivunja. Hassani alinyosha mkono wake mzima, akaupokea, akaushika wakati Tobia anachimba.